Kizimbani Hakuna Mtu

Anayetoka Thika kwa matatu kuelekea Nairobi hupita Juja, kisha Ruiru, na kabla ya kufika Githurai huwa ameacha upande wake wa kulia eneo linalojulikana sana na askari, mawakili na jamaa za wafungwa. Huko ndiko liliko Gereza la Kamiti. Jirani na gereza hilo ipo Mahakama ya Kahawa, iliyotengwa mahsusi kwa kesi za ugaidi na uhalifu mkubwa wa kuvuka mipaka. Juni 2025, Jaji Diana Kavedza aliwahukumu hapo wanaume wawili kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia watu walioshambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi tarehe 15 Januari 2019. Watu 21 waliuawa katika shambulio hilo.

Wanaume hao wawili walikuwepo. Walisimama, wakasikia majina yao yakisomwa, na mawakili wao walikuwa wamekwisha kuwahoji mashahidi. Washambuliaji wenyewe walikufa palepale hotelini. Lakini orodha ya wanaotafutwa kwa ajili ya mauaji yale haijaisha. Mke wa Ali Salim Gichunge, aliyeliongoza kundi lile, polisi wamekuwa wakimtafuta tangu siku ya tukio, na inaaminika alivuka kwenda Somalia. Jina lake limetajwa mara nyingi. Kesi yake haijasikilizwa hata siku moja.

Kwa nini? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50(2)(f), inampa kila mshtakiwa haki ya kuwepo wakati kesi yake inaposikilizwa, isipokuwa pale mwenendo wake mwenyewe unapofanya kesi isiweze kuendelea. Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaongeza kidogo tu: mshtakiwa akikosa kufika siku ya kesi iliyoahirishwa, hakimu anaweza kuendelea bila yeye, mradi kosa lenyewe si zito. Ugaidi, mauaji na kupigana katika majeshi ya nje havimo katika ruhusa hiyo. Mtu akiwa Somalia, hati ya kumkamata inatolewa, faili inafungwa kwa kamba na kungojea.

Wapo wanaochoshwa na kungoja huko, na uchovu wao una sababu. Samantha Lewthwaite, mwanamke wa Uingereza, alitangaziwa ilani nyekundu ya Interpol Septemba 2013 kwa ombi la Kenya, kwa mashtaka ya kupatikana na vilipuzi mwaka 2011. Mwenzake, Jermaine Grant, alikamatwa Mombasa Desemba 2011, akashtakiwa, akahukumiwa. Lewthwaite hajaonekana mahakamani hadi leo. Naye Ahmed Iman Ali, Mkenya anayetajwa kuwa alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, alitangazwa mwaka 2012 kuwa kiongozi wa Wakenya ndani ya al-Shabaab. Marekani ilimweka kwenye orodha yake ya magaidi Aprili 2018. Nyumbani kwao hakuna hakimu aliyewahi kupima ushahidi dhidi yake mbele ya umma. Mkazi wa Githurai anayekumbuka mabasi mawili yaliyolipuliwa kwenye barabara kuu ya Thika tarehe 4 Mei 2014, watu watatu wakafa, ana haki ya kuuliza: hivi sheria inamlinda nani?

Swali hilo sasa limerudi kwa nguvu, na safari hii si Somalia pekee.

Septemba 2025, makachero wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) waliingia katika jengo moja la makazi huko Athi River na kuwatoa watu 22 waliokuwa wakiandaliwa kwa safari ya Urusi. Kwa maelezo ya makachero, baadhi yao walikuwa wametia saini mikataba iliyowabebesha gharama za hadi dola 18,000 za visa, nauli na malazi. Mwezi huohuo, Ukraine ilitoa video ya mkimbiaji Mkenya aliyetekwa vitani, akieleza kwamba alikwenda Urusi kama mgeni na akajikuta ametia saini karatasi ya lugha asiyoijua. Novemba 2025, waziri wa mambo ya nje wa Ukraine, Andrii Sybiha, alisema raia 1,436 kutoka nchi 36 za Afrika wametambuliwa katika jeshi la Urusi. Mwezi huo waziri wa mambo ya nje wa Kenya, Musalia Mudavadi, alitaja Wakenya zaidi ya 200. Februari 2026 Kimani Ichung'wah, kiongozi wa wengi, aliliambia Bunge la Taifa, akitegemea ripoti ya ujasusi, kwamba walioandikishwa wamezidi 1,000.

Safari za aina hii huanzia katika miji kama Ruiru na Thika. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta mji wa Ruiru na wakazi karibu 490,000, wengi wao vijana wapangaji wa chumba kimoja, wanaoamka alfajiri kukimbilia kibarua cha kiwandani Thika au mjengo Nairobi, na jioni wanarudi na mia tano. Agenti akimwambia kijana wa namna hiyo kwamba kuna kazi ya ulinzi, udereva au upishi Urusi kwa mshahara wa laki kadhaa kwa mwezi, kijana hatafuti kwanza ramani ya Donetsk. Anatafuta pasipoti. Anakwenda kuchukua alama za vidole apate cheti cha polisi, anakopa chama cha mamake pesa za kupimwa afya, anaaga watu wa ploti, anapanda ndege.

Familia inayobaki nyuma huwa imeshika kesi nzima ndani ya simu moja. Mle mna picha ya mkataba iliyopigwa haraka, kurasa zimejaa herufi za Kirusi na saini ya kijana iko chini kabisa, kwenye mstari alioonyeshwa kwa kidole. Mna sauti alizorekodi WhatsApp, za kwanza zikicheka baridi ya Moscow, za baadaye zikisema kwa kunong'ona kwamba wamepewa bunduki. Mna nambari ya agenti, ambayo sasa haipatikani. Mna risiti ya M-Pesa. Kisha mna alama moja ya tiki, ujumbe wa mama ambao haujafika, wa jana na wa mwezi uliopita.

Ndipo inapokuja hoja ya kuwashtaki vijana hao. Kifungu cha 68 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinafanya kuwa kosa kwa raia kuingia katika jeshi la nchi ya kigeni inayopigana na nchi rafiki bila idhini ya Rais. Ukraine ni nchi rafiki. Ina ubalozi Nairobi. Kwa herufi za sheria, kijana wa Ruiru aliyevaa sare ya Urusi amevunja sheria ya kwao. Na kwa kuwa hayupo, na vita haviishi, wengine wanauliza kwa nini asishtakiwe hukohuko aliko, ahukumiwe, adhabu imngoje uwanja wa ndege. Nchi nyingine zinafanya hivyo. Ukraine yenyewe, tangu mwaka 2014, ina utaratibu wa kuwahukumu wasiokuwepo.

Jibu linalofaa kwa Kenya ni hapana, na sababu hazipo mbali. Ziko Kinshasa.

Tarehe 15 Desemba 2023, Corneille Nangaa, aliyewahi kuwa mkuu wa tume ya uchaguzi ya Kongo, alizindua muungano wake wa kisiasa na kijeshi, ukiwa pamoja na waasi wa M23, katika hoteli moja jijini Nairobi. Kinshasa ikakasirika, ikamwita nyumbani balozi wake. Julai 2024 mahakama ya kijeshi ikaanza kesi ya washtakiwa 26. Waliokuwepo walikuwa watano tu, mmoja wao Eric Nkuba, aliyekuwa karibu na Nangaa na ambaye alikamatwa Tanzania. Nangaa hakuwepo. Bertrand Bisimwa, kiongozi wa kisiasa wa M23, hakuwepo. Sultani Makenga, kamanda wao, hakuwepo. Tarehe 8 Agosti 2024 wote walihukumiwa kifo.

Hukumu hiyo ilizuia nini? Mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliingia Goma, na Nangaa, mtu aliyehukumiwa kifo, akasimama mbele ya wakazi wa mji huo kama mtawala wao. Mwaka huohuo, tarehe 30 Septemba, Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kongo ilimhukumu kifo Joseph Kabila, rais wa zamani, kwa uhaini na makosa ya kivita, naye akiwa hayupo wala hana wakili kizimbani. Wiki mbili baadaye Kabila alikuwa Nairobi, ameketi na wanasiasa wengine wa Kongo wakianzisha vuguvugu jipya. Watu wa Goma na Bukavu, waliobakwa, walioporwa, waliozika watoto wao kambini, hawakupata chochote kutoka Kinshasa isipokuwa tangazo. Hawakuitwa wakaulizwa maswali magumu ambayo yangeufanya ushahidi wao usimame hata baada ya vita. Hukumu ya kifo ilitoka kwa kasi kuliko ukweli, na siku ya mapatano itakuwa kitu cha kwanza kuwekwa mezani ili kifutwe.

Kongo haikuanza jana. Mwaka 1977 na 1978, enzi za Mobutu, mahakama za Zaire zilimhukumu kifo mara mbili Daniel Monguya Mbenge, aliyekuwa gavana wa Shaba, jimbo la wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi. Yeye alikuwa mkimbizi Ubelgiji. Alizijua hukumu zake kupitia magazeti. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilipolichunguza jambo hilo mwaka 1983, iliona kwamba wito wa kesi moja ulitolewa siku tatu tu kabla ya kusikilizwa. Kamati haikusema kwamba kumhukumu asiyekuwepo ni marufuku daima. Ilisema serikali lazima ionyeshe imefanya juhudi za kweli kumjulisha mtu kwamba anashtakiwa, kwa nini, na lini. Wito wa kumfikia kijana aliye kwenye handaki mashariki mwa Ukraine, simu yake imechukuliwa na kamanda, utapelekwa na nani?

Tena yawezekana hayuko hai. Mjini Nuremberg mwaka 1946, Martin Bormann, katibu wa Hitler, alihukumiwa kunyongwa akiwa hayupo. Mabaki yake yalifukuliwa Berlin mwaka 1972, na vipimo vya vinasaba vya mwaka 1998 vikathibitisha ni yeye. Alikuwa amekufa Mei 1945, miezi kadhaa kabla kesi haijaanza. Huko Paris, kesi ya mauaji ya Novemba 2015 iliyomalizika Juni 2022 ilikuwa na washtakiwa 20, na sita hawakuwepo. Watano kati ya hao walidhaniwa wamekufa Syria au Iraq. Ufaransa ina angalau kinga moja: anayekamatwa baadaye ana haki ya kusikilizwa upya. Familia za watu 130 waliouawa zilihitaji kusikia kisa chote kikielezwa, na mahakama ile iliwapa hilo. Haitakiwi kubezwa. Lakini kule walikuwepo washtakiwa 14 wa kujibu, na waliokosekana waliongezwa juu ya kesi iliyokuwa na miguu yake.

Kilicho muhimu zaidi kiko karibu, Uganda.

Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa Lord's Resistance Army akiwa njiani kwenda shule, mtoto wa miaka tisa hivi. Alikua ndani ya jeshi hilo hadi akawa kamanda. Alijisalimisha Januari 2015, akapelekwa The Hague, na Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimkuta na hatia katika mashtaka 61 ya mauaji, ubakaji, utumwa na mengine ya kutisha. Angeweza kufungwa maisha. Majaji walimpa miaka 25, na waliandika wazi kwamba utoto wake ulioibwa ulipunguza adhabu. Wapo waathirika ambao hawakuridhika, na wana haki hiyo. Ila majaji walimwona mtu mzima mbele yao, walimsikia, walisikia madaktari wakibishana juu ya akili yake, wakasikia na waliochomewa nyumba Lukodi na Odek. Mtu aliyetekwa na mtu aliyeua walikuwa ni mmoja, ameketi kwenye kiti kimoja, na adhabu ilibidi iwatoshe wote wawili.

Ondoa Ongwen kwenye kile kiti. Inabaki orodha ya makosa 61, na hakuna sababu hata moja ya kutompa kifungo cha maisha.

Vijana wa Kenya walioko Urusi wanafanana na kisa hiki kwa jambo moja zito: kwa kila mmoja wao kuna maswali mawili, alichofanya na jinsi alivyofika. Yupo aliyejua kabisa anakwenda vitani, akapiga hesabu ya pesa, akaenda. Yupo aliyedanganywa hadi siku alipovalishwa sare. Pengine yupo aliyeanza kwa kudanganywa na akaishia kumuua raia asiye na silaha. Majibu yanatofautisha mhalifu na mwathiriwa wa biashara haramu ya binadamu, na Sheria ya Kenya ya Kupambana na Biashara hiyo, ya mwaka 2010, inasema mwathiriwa hashtakiwi kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kuuzwa kwake. Nani ataieleza mahakama kwamba alidanganywa, ikiwa mwenyewe hayupo? Upande wa mashtaka hauna kazi hiyo. Wakili wa kupewa na serikali, asiyewahi kuzungumza naye hata dakika moja, hana pa kuanzia.

Sheria hiyohiyo ina meno ya kutosha kwa aliyepo. Anayepatikana na hatia ya kusafirisha watu kibiashara hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Agenti wa Nairobi, mwenye nyumba walimofichwa vijana, aliyechapisha barua bandia za kazi, aliyelipwa kwa kila kichwa: hao hawako ng'ambo. Wanapita barabara hizi kila siku. Ilivyokuwa kwa DusitD2, ndivyo inavyopasa kuwa hapa: walioshika bunduki walikuwa wamekufa, na Mahakama ya Kahawa ikawafikia waliolipa na waliotafuta vitambulisho. Kesi ile ilichukua zaidi ya miaka sita, muda mrefu mno kwa waliofiwa, lakini ilipofika mwisho ilikuwa imeshindanishwa hoja kwa hoja.

Kuhusu walioko mbali, The Hague imeonyesha njia ambayo Nairobi ingefaa kuisoma kwa makini. Joseph Kony, kiongozi wa Lord's Resistance Army, alitolewa hati ya kukamatwa mwaka 2005. Tarehe 9 na 10 Septemba 2025, baada ya miaka 20, mahakama ilifanya kwa mara ya kwanza kikao cha kuthibitisha mashtaka bila mshukiwa. Alipewa mawakili wa kumtetea. Ushahidi ulipimwa hadharani, na kaskazini mwa Uganda watu walifuatilia matangazo. Tarehe 6 Novemba majaji walithibitisha mashtaka 39. Kisha wakasimama hapo, kwa sababu mkataba wa Roma haumruhusu yeyote kuhukumiwa akiwa hayupo. Kony hajaitwa mwenye hatia. Wakati huohuo, mama wa Gulu aliyesubiri miongo miwili amejua kwamba alichokiona kimeandikwa na kimekubaliwa kuwa kina uzito, na kwamba akifa kesho hakifi naye.

Bunge la Kenya lingeweza kutunga kitu cha namna hiyo bila kukigusa kifungu cha 50: kikao mbele ya jaji, wakili wa asiyekuwepo akihoji, ushahidi ukirekodiwa chini ya kiapo na kuhifadhiwa, na hukumu isitolewe mpaka mtu afike. Mashahidi wa shambulio la Westgate la mwaka 2013 wanazeeka. Walionusurika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambako watu 148 waliuawa, wametawanyika nchi nzima na nje. Ushahidi ukiachwa kwenye faili za polisi, atakayekamatwa miaka kumi ijayo atakuta mashahidi hawapo, naye ataachiliwa.

Lipo pia suala la mlango wa kurudia. Aprili 2015, baada ya Garissa, waziri wa usalama Joseph Nkaissery aliwatangazia msamaha vijana waliojiunga na al-Shabaab wajisalimishe, na akawapa siku kumi. Muda ulikuwa mfupi kupita kiasi, na wengi hawakuamini kwamba wakijitokeza watafika nyumbani salama. Kijana aliyeko Urusi leo anawaza hivyohivyo. Akijua kwamba Nairobi imeshamhukumu, ana sababu ya ziada ya kubaki handakini, na ndiye pekee anayeweza kumtaja agenti aliyempeleka, akaeleza alilala nyumba gani kabla ya safari na nani alikuja na karatasi usiku.

Ndiyo maana jambo la kwanza la kufanywa halihitaji sheria mpya. Ni kwa ofisi za DCI za Thika na Ruiru kuzipokea simu za familia hizi kama ushahidi, si kama malalamiko: kunakili zile sauti, mikataba na risiti, kuandika taarifa ya mzazi siku hiyohiyo, kumpa nambari ya kitabu cha matukio (OB), na kumpelekea Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ushahidi huo wote. Simu huibwa kwenye matatu, huanguka majini, huuzwa mwisho wa mwezi kodi ikikosekana. Nambari ya agenti iliyomo ndani yake imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na mtu huyo anaweza kufikishwa Kahawa wiki hii.